Usalama kazini: Kanzu safi juu ya shati la sumu



 Wiki hii safu yetu inaingia shambani. Wasomaji wetu wengi wa Arusha na vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru, kama si wakulima wenyewe, basi wana mtoto, ndugu au mume anayetoka alfajiri kwenda kupiga dawa kwenye nyanya, vitunguu, maharage au maua. Tutazungumzia usalama wa mtu huyo, hasa ile sehemu ya usalama wake ambayo iko mikononi mwake mwenyewe.

Nitaanza na tukio nililolishuhudia.

Miaka michache iliyopita nilikuwa zamu katika kituo kimoja cha afya. Ilikuwa Ijumaa, muda mfupi baada ya swala. Waumini wanne waliingia wamembeba kijana wa miaka ishirini na kitu, amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi. Mama yake alifuata nyuma akihema. "Baba," akaniambia, "mtoto wangu malaria imempanda kichwani." Walisema ameanguka katika rakaa ya pili. Alikuwa ametapika, jasho linamtiririka na mate yanamtoka bila kukoma.

Nilimuuliza mama homa ilianza lini. Akasema tangu asubuhi kijana alilalamika kichwa. Nikaandika kipimo cha malaria na kuagiza atundikiwe dripu. Swali moja sikuliuliza: kijana huyu anafanya kazi gani? Muuguzi alipopandisha mkono wa kanzu kutafuta mshipa, ndiye aliyeniita. "Daktari, hebu njoo unuse. Huyu ananuka dawa ya nyanya."

Tulipoivua ile kanzu, chini yake kulikuwa na shati na suruali za shambani, mgongo bado umelowa. Nikammulika macho, nikaona mboni zimesinyaa zimekuwa kama tundu la sindano. Hapo nikajua kuwa hii si malaria, ni sumu. Tukamvua nguo zote, tukamwosha kwa sabuni na maji mengi, tukampa dawa ya kupambana na sumu hiyo na kumkimbiza hospitali kubwa. Kwa rehema za Allah alipona.

Alipokuja baadaye kushukuru, nilimuuliza ilikuwaje. Akaeleza kuwa alianza kupiga dawa baada ya swala ya alfajiri hadi saa tano na nusu. Bomba lake lilikuwa linavuja mgongoni. Nozeli iliziba mara mbili, akaizibua kwa kuipuliza kwa mdomo. Glavu na barakoa alipewa na mwenye shamba, lakini zilikuwa zimetundikwa kwenye msumari stoo. "Zinanichelewesha, daktari, na glavu zinatoa jasho." Aliposikia adhana alikimbia nyumbani, akatia udhu, akavaa kanzu juu ya nguo zilezile ili asiikose khutba.

Ndugu msomaji, kijana huyu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anakimbilia ibada. Lakini sunna iliyosisitizwa ya kuoga siku ya Ijumaa, kama angeitimiza alipotoka shambani na kubadili nguo, ingeiondoa sehemu kubwa ya ile sumu mwilini mwake kabla hajasimama kwenye safu. Nami sikuwa bora kuliko yeye. Yeye aliziacha glavu kwenye msumari, na mimi niliacha swali mdomoni. Kila mmoja wetu alikuwa na sehemu yake ya wajibu, akaitegea.

USALAMA NI WAJIBU WA NANI?

Kuna majibu matatu ambayo nimeyasikia mara nyingi kutoka kwa wapiga dawa. Tuyaangalie moja baada ya jingine.

Jibu la kwanza ni kwamba ajali na maradhi ni qadar ya Allah. Hilo ni kweli na sisi tunaamini. Lakini imani hiyo haijafuta wajibu wa kuchukua sababu. Sote tumesoma madrasa kisa cha mtu aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) kama amfunge ngamia wake au amwache na kutawakali. Alielekezwa amfunge kwanza, kisha atawakali. Vilevile Sayyidna Umar (R.A.), alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari za tauni, aligeuza msafara. Abu Ubaydah (R.A.) alipomhoji kama anaikimbia qadar ya Allah, alimweleza kuwa kurudi kwake nako kumo ndani ya qadar hiyo hiyo. Basi kuvaa glavu nako ni katika qadar. Na katika Suratul Baqarah aya ya 195 tumekatazwa kujitia kwa mikono yetu katika maangamizo, na katika Suratun Nisaa aya ya 29 tumekatazwa kujiua.

Jibu la pili ni kwamba usalama ni kazi ya tajiri. Hili nalo lina ukweli ndani yake. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri aandae mazingira salama na ampatie mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Anayemtuma kibarua kupiga dawa kifua wazi amekhini amana, na ataulizwa. Lakini sheria hiyo hiyo inamtaka na mfanyakazi achukue tahadhari kwa afya yake na ya wenzake, atumie vifaa alivyopewa, na atoe taarifa anapoona hatari. Tajiri anaweza kununua glavu. Hawezi kukuvalisha kila asubuhi. Na wengi wetu tunapiga dawa kwenye mashamba yetu wenyewe au kwa kibarua cha siku moja, ambapo hakuna msimamizi wala mkaguzi. Hapo wa kumtazamia ni nani isipokuwa wewe?

Jibu la tatu ni la mazoea: "Nimepiga dawa miaka kumi, sijafa." Ndugu yangu, sumu hizi nyingine hazina haraka. Kumbuka dawa ya endosulfani. Ilitumika miaka mingi mashambani na watu waliizoea, lakini mwaka 2011 mataifa yalikubaliana kuiingiza katika orodha ya kemikali za kuondolewa duniani chini ya Mkataba wa Stockholm kwa sababu ya madhara yake. Kuizoea hakukuipunguzia sumu.

SUMU INAINGIAJE MWILINI?

Watu wengi hudhani sumu ya shambani inaingia kwa pua peke yake, ndiyo maana mtu hujifunga kitambaa usoni akajiona amekingwa. Ukweli ni kwamba kwa mpiga dawa njia kubwa kabisa ni ngozi. Na ngozi ya mwili haifanani. Ile ya paji la uso, kwapani na hasa sehemu za siri hufyonza sumu haraka zaidi kuliko ngozi ya mkono. Kitambaa nacho hakizuii mvuke wa dawa. Kikishalowa, kinakuwa kimeibeba sumu na kuiweka mbele ya pua na mdomo.

Dawa nyingi za wadudu zinazotumika kwenye nyanya, kama profenofosi, ziko katika kundi la oganofosfati. Namna zinavyomdhuru mdudu ndivyo zinavyomdhuru binadamu. Mishipa ya fahamu hutuma ujumbe kwenye misuli na tezi kwa kutumia kemikali maalumu. Ujumbe ukishafika, kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi huivunja ile kemikali ili ujumbe ukome. Sumu hii hukifunga kimeng'enya hicho. Matokeo yake ujumbe haukomi: mate, machozi na jasho vinatoka ovyo, tumbo linasokota na kuendesha, mtu anatapika, mboni zinasinyaa, misuli inatetemeka, na mwisho kifua kinajaa makohozi na pumzi inakata. Kinachoua ni kushindwa kupumua.

Anayepata kidogo kidogo kila siku anaweza asianguke. Ataumwa kichwa, atasikia kizunguzungu, uchovu na macho kuona ukungu. Dalili hizi zinafanana na za malaria. Wangapi wamemeza dawa za malaria kwa maumivu yaliyotoka kwenye bomba?

Hatari hii iliongezeka kwetu baada ya mwaka 2014, alipoingia nchini yule mdudu wa nyanya ambaye wakulima wa Ngarenanyuki wanamwita Kantangaze. Buu lake hujificha ndani ya jani, dawa haimfikii kirahisi, na mkulima anayeogopa kupoteza mtaji hupiga tena na tena, mara nyingine akichanganya dawa mbili au tatu kwenye bomba moja. Tunaelewa uchungu wa kupoteza shamba. Lakini kuchanganya dawa bila maelekezo ya mtaalamu kunamwongezea sumu mpigaji kabla ya mdudu.

KABLA YA KUPIGA DAWA

1. Nunua dawa iliyosajiliwa, kwenye duka lenye kibali, katika chupa yake yenye lakiri. Usikubali dawa ya kupimiwa kwenye chupa ya soda au ya maji. Usajili wa dawa hizi ulikuwa chini ya TPRI pale Ngaramtoni. Kufuatia Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 kazi hiyo iko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), hapa hapa Arusha. Ukiwa na mashaka, waulize wao au bwana shamba.

2. Soma lebo, na kama huwezi, mwombe mwanao anayesoma akusomee. Angalia rangi ya mstari ulio chini ya lebo. Nyekundu ni sumu kali sana, njano inafuata, kisha bluu, na kijani ndiyo yenye ukali mdogo. Lakini hata ya kijani ni sumu.

3. Kagua bomba kwa kulijaza maji matupu. Likivuja, litengeneze kabla hujatia dawa. Mgongo uliolowa ni ngozi inayokunywa sumu.

4. Vaa shati la mikono mirefu, suruali ndefu ishuke nje ya buti za mpira, glavu za mpira zisizotoboka, kofia, miwani, na barakoa yenye chujio linalofaa kwa dawa. Anayechanganya dawa ndiye aliye hatarini zaidi, kwa kuwa anashika dawa ambayo bado haijazimuliwa. Asichanganye kwa mkono. Atumie mti, na mti huo ubaki shambani.

5. Beba dumu la maji safi na sabuni, liwekwe mbali na dawa. Hilo dumu ndilo huduma yako ya kwanza.

WAKATI WA KUPIGA

Piga asubuhi mapema au jioni, si jua kali wala upepo mwingi. Upepo utoke mgongoni kwako au ubavuni, usije usoni. Usitembee katikati ya mistari uliyokwishaipiga, ukajifutia majani mabichi miguuni. Nozeli ikiziba, izibue kwa maji au kwa kijiti laini cha majani, usiipulize kwa mdomo. Usile, usinywe, usivute sigara. Na ukisikia haja ndogo, nawa mikono kwa sabuni KABLA ya kwenda, siyo baada peke yake. Sisi tumefundishwa istinjaa na tunaijali. Lakini mkono wenye dawa ukipelekwa sehemu za siri unapeleka sumu pale ngozi inapofyonza kwa haraka.

Ikifika Ramadhani, usiifanye saumu kuwa sababu ya kuvua vifaa kwa ajili ya joto. Panga kupiga baada tu ya alfajiri au jioni. Na ukianza kuona dalili za sumu, matibabu kwanza. Sheria yetu imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa baadaye.

BAADA YA KUPIGA, NA KABLA YA UDHU

Hapa nawaomba wasomaji wasome polepole. Udhu una kusukutua na kupandisha maji puani. Anayetoka kwenye bomba na kwenda moja kwa moja kwenye birika, maji ya kusukutua anayateka kwa kiganja chenye dawa. Mimi si mufti, na hapa sizungumzii hukumu ya najisi. Nazungumzia sumu. Utaratibu ni huu:

Kwanza, osha glavu kwa sabuni zikiwa bado mkononi, ndipo uzivue. Pili, nawa mikono na uso kwa sabuni. Tatu, vua nguo za kazi huko huko shambani au nje ya nyumba. Nne, oga mwili mzima kwa sabuni, pamoja na nywele na chini ya kucha. Tano, vaa nguo safi, kisha tia udhu wako na uende kuswali. Siku ya Ijumaa acha kazi mapema upate nafasi ya kuoga. Kazi ya saa moja itabaki kesho.

Mabaki ya dawa na maji ya kuoshea bomba usiyamwage mferejini. Vijiji vyetu vya Meru vinaishi kwa mifereji. Maji unayooshea bomba juu, wa chini anayatekea udhu na chai ya watoto wake. Mtume (S.A.W.) amekataza kudhuru na kudhuriana, na jirani wa mfereji ni jirani. Chupa tupu zisuuze mara tatu, kama unavyoosha viungo mara tatu, na maji hayo uyarudishe kwenye bomba uyapigie shambani. Kisha toboa chupa ili asiweze mtu kuitumia tena.

SUMU INAPOKUJA NYUMBANI

Mume anaporudi na nguo za dawa, wa kwanza kumpokea ni mtoto, anamkumbatia miguuni. Wa pili ni mama anayezifua, pengine akiwa mjamzito. Mwili wa mtoto ni mdogo, hivyo kiasi kisichomwangusha baba kinaweza kumwangusha mtoto. Kwa hiyo:

- Nguo za kupigia dawa ziwe na beseni lake, zifuliwe peke yake, na anayefua avae glavu. Mwenye nguo akizifua mwenyewe ni bora zaidi. Kuwasaidia watu wa nyumbani ni sunna.
- Dawa isikae chini ya kitanda wala jikoni. Ifungiwe kwa kufuli, mbali na chakula na mahali wasipofika watoto.
- Dawa isihamishiwe kwenye chupa ya soda, ya juisi wala ya maji, hata kwa siku moja. Mtoto hasomi lebo. Anaijua chupa.
- Dumu la dawa halifai tena kwa maji, maziwa wala mafuta, hata lioshwe vipi.

MTU AKIDHURIKA

Mtoe shambani mahali penye hewa. Wewe unayesaidia jikinge kwanza kwa glavu. Mvue nguo zote zilizolowa, mwoshe kwa sabuni na maji mengi, huku ukimsitiri. Dawa ikiingia machoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi. Mlaze kwa ubavu wa kushoto ili matapishi yasimkabe. Usimlazimishe kutapika. Usimpe maziwa ukidhani yanakata sumu. Maziwa hayaiondoi sumu hii, na kwa mtu aliyelegea yanaweza kuingia mapafuni. Mpeleke hospitali haraka, pamoja na chupa au lebo ya dawa. Ipo dawa iitwayo atropini ambayo huzuia yale mate na makohozi yanayoua, lakini lazima itolewe na mhudumu, kwa wakati.

Na kila unapokwenda kutibiwa, hata kama daktari hakukuuliza, sema: "Mimi napiga dawa shambani, na jana nilipiga." Sentensi hiyo fupi inaweza kuokoa maisha. Mimi nimejifunza kuliuliza swali hilo kwa kila mgonjwa. Wewe jifunze kulijibu kabla halijaulizwa. Kwa aliyeajiriwa, mjulishe mwajiri pia, kwani Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi Na. 20 ya mwaka 2008 inahusu na maradhi yatokanayo na kazi, siyo ajali peke yake.

HITIMISHO

Ndugu msomaji, mwili huu ni amana. Siku ya Kiyama mja ataulizwa alivyoutumia, na ataulizwa juu ya wale aliowachunga. Tajiri ataulizwa yake, daktari ataulizwa yake, na mpiga dawa ataulizwa yake. Hakuna atakayejibu kwa niaba ya mwenzake.

Nawaomba maimamu wa misikiti ya vijijini waliseme jambo hili walau mara moja katika msimu wa nyanya, na ikiwezekana pawepo sabuni kwenye sehemu ya kutilia udhu. Na wiki hii, kila nyumba ijiulize maswali matatu:

1. Dawa yetu ya shamba imehifadhiwa wapi sasa hivi, na katika chupa gani?
2. Nguo za kupigia dawa zinafuliwa na nani, na katika beseni gani?
3. Glavu zetu ziko mkononi, au ziko kwenye msumari?

Yule kijana bado anapiga dawa. Nilikutana naye soko la Tengeru, akanionyesha dumu lake la maji na kipande cha sabuni amekifunga kwa kamba kwenye mpini. "Ijumaa sasa natoka saa nne, daktari," akasema. "Khutba naisikia yote."

Allah (S.W.) atujaalie afya njema, riziki ya halali, na uwezo wa kuzichunga amana zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.